Kengele Niliyoing'oa kwenye Baiskeli ya Papa

Kabla hujaruhusiwa kumwekea mgonjwa mikono katika kundi letu la maombi pale Gitambi, ilibidi kwanza uweke mikono juu ya boga.

Boga lilikaa juu ya kigoda chenye mguu mmoja mfupi, katikati ya sebule ya mama aliyetufundisha. Alikuwa mjane, muuguzi mstaafu wa kituo cha afya, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya uone aibu hata kabla hujajua kosa lako. Katika kazi yake aliwaona waombaji wengi wakiwasukuma wagonjwa kwenye paji la uso mpaka wanaanguka, kisha wanasema ni Roho aliyewaangusha. Mgonjwa mmoja aliangukia meza ya dawa. Kwa hiyo yeye alikuwa na sheria yake: unasimama mbele ya boga, unafumba macho, unaweka mikono miwili, unaomba kwa sauti ya kawaida mpaka yeye aseme amina. Boga likibingirika, umesukuma, na utarudi siku nyingine.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mmoja alikuwa mama aliyevusha nyanya kwenda Bukavu kila siku ya soko, na boga lake halikuwahi hata kutikisika, kwa kuwa mikono yake ilizoea vitu vinavyopondeka. Wa pili alikuwa seremala, mtu mwema mwenye viganja vipana, ambaye alipofika kwenye jina la Yesu tu boga liliruka. Mara ya tatu, mwalimu alimtazama akiliokota chini ya meza, akamwuliza, "Fundi, unaliombea ama unalipiga randa?" Mara ya nne boga lilipasuka. Ilikuwa siku ya kufunga, kwa hiyo tulikaa tukilitazama hivyo hivyo mpaka jioni, ndipo likapikwa.

Wa tatu nilikuwa mimi.

Nina miaka arobaini na kitu, na nimeishi katika nyumba nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri huo. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, Bukavu, upande wa Kongo, ambako baba yangu, tuliyemwita Papa, alikwenda kijana kutafuta kazi. Nilimaliza sekondari huko na tangu hapo sijatulia. Nimeuza vitenge Uvira, nimelinda ghala Kamembe, nimepima mchele Bugarama, nimerudi Bukavu, nimeondoka tena. Kila nilipokuwa nilikumbuka nilikotoka, na nikirudi huko nilianza kukumbuka kule nilikoondoka. Wazazi wangu walirudi Rwanda zamani wakajenga Gitambi, na Mama amezikwa hapo. Mimi nilirudi miaka miwili iliyopita, niliposikia kwamba Papa ameanza kumsalimu mbuzi wa jirani akidhani ni jirani mwenyewe.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilimpa siku ya upasuaji, Jumatatu moja ya mwezi uliofuata, na alikuwa ameshaahirisha mara mbili. Safari hii Papa alisema ataenda, ila kwa sharti moja: aombewe kwanza na kuwekewa mikono. Bila hivyo hatoki uani. Niliposikia hayo nilikuwa nimemshikia kikombe chake cha chai, na hapo hapo nikajua ninachotaka. Nilitaka mmoja wa mikono hiyo uwe wangu.

Niseme sababu mapema. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliondoka kwetu Bukavu asubuhi moja bila kuaga. Kabla ya kutoka uani nilifungua kengele ya baiskeli ya Papa kwa bisibisi, nikaitia mfukoni, nikaenda. Hakuniuliza kamwe. Nilipokuwa nikirudi kusalimia, mwaka huu au mwaka ule, aliniinulia ncha za vidole, nami nikazigusa, tukaongea juu ya mvua, mbuzi na afya za watu waliokwisha kufa. Na hakununua kengele nyingine. Baiskeli ile ile alivuka nayo mto kurudi Rwanda, akapanda nayo vilima vya Rusizi miaka yote hiyo, na kila alipotaka watu wampishe alilia kwa kinywa: ngiringiri, ngiringiri. Watoto wa Gitambi walimwita kwa sauti hiyo. Mimi kila nilipoisikia, hata nikiwa ndani nimelala, nilijua nasemwa.

Basi nikajiunga na kundi.

Maandalizi yalikuwa ya majuma matatu. La kwanza lilikuwa la kufunga, kunyamaza na kusoma Injili alfajiri, pamoja na mambo ambayo sikuyategemea katika huduma ya uponyaji: kukata kucha, kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, kutokula kitunguu kibichi, kuchokonoa meno kwa sababu kinywa cha mfungaji kinanuka, na mgonjwa anayezimia kwa harufu hajapokea neema yoyote. Tena tuliapa kwamba hatutamwambia mtu aache dawa zake. Seremala aliuliza, na ikiwa Roho amesema aache? Mwalimu akamjibu kwamba Roho akisema hivyo, amwambie apitie kwanza kwa daktari.

Mimi nilitaka joto. Nilikuwa nimesikia kwamba mikono ya waombaji wa kweli hupata moto, kwa hiyo nilianza kuipima yangu. Nilishika ukuta. Nilimshika paka, akakimbia. Jirani alikuwa na kuku aliyejiinamia pembeni ya jiko siku nzima bila kula, na nilipomwona nilisikia huruma ikinipanda pamoja na tamaa. Nilipiga magoti, nikamwekea mikono, nikaomba kwa bidii ambayo sijawahi kuiombea familia yangu. Kuku akainuka pale pale, akatoka mbio. Nilitembea siku mbili nikiwa na furaha ya siri, mpaka jirani alipokuja kuuliza ni nani aliyemfukuza kuku wake kwenye mayai. Alikuwa anaatamia. Mayai kumi na moja yalikuwa yamepoa.

Nilimweleza mwalimu. Hakucheka.

"Mungu ndiye anaponyesha," alisema. "Mikono yako ni ya kumwambia mugonjwa kama hayuko peke yake. Ule kuku alikuwa peke yake?"

Nikasema hapana, alikuwa na mayai.

"Basi," akasema, akaniongezea siku tatu za kufunga.

Juma la pili lilikuwa la boga. Langu lilibingirika mara mbili, na mara ya tatu lilikaa. Juma la tatu lilikuwa la kurudisha.

Huku kwetu kurudisha si jambo geni. Tangu uamsho wa enzi za babu zetu, mtu akiokoka hurudisha alichochukua, iwe jembe, shuka au mbuzi ambaye ameshazaa mara tatu, na husema kosa lake mbele ya watu. Mwalimu wetu alikuwa na namna yake ya kuliweka. "Hauwezi kuweka mukono ku kichwa ya muntu," alituambia, "na huo mukono ungali unashika kitu yake." Seremala alirudisha msumeno. Mama wa nyanya alirudisha ungo wa shemeji yake, na shemeji akakataa kuupokea kwa sababu alitaka kuendelea kuwa na la kulalamikia.

Mimi nilikwenda nyumbani nikaleta mfuko.

Sikuwahi kujiona mwizi. Karibu kila nilipohama nyumba nilichukua kitu kimoja kidogo cha pale, ili nyumba ile isiishe yote kwangu. Nyumba haibebeki, kijiko kinabebeka. Ndani ya mfuko mlikuwa na kijiko kimoja cha Bugarama, kufuli la Kamembe lisilo na ufunguo, na mfuniko wa sufuria wa Bukavu. Mwalimu alivipanga mezani kama vyombo vya kliniki.

"Na ya mzee wako?" akauliza, maana nilikuwa nimeshamweleza.

Ya mzee wangu haikuwemo. Kengele ilikuwa kitu changu cha kwanza, na ndiyo niliyoipoteza. Niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba nilichopanga Bukavu, na siku ya kuhama nikabeba mfuniko wa mama mwenye nyumba nikaisahau kengele. Ilikuwa imepita kama miaka kumi na tano.

Mwalimu alifunga mfuko akanirudishia. Jumapili kundi lingekwenda kumwombea Papa, akasema. Nikiwa na kengele nitaingia. Nikiwa sina nitasimama mlangoni na kuimba.

Alhamisi nilianza na Bugarama. Mama niliyemrudishia kijiko alikigeuzageuza, akakaa chini, akaita mkaza mwana wake kutoka shambani. Kumbe miaka yote ile alimshuku yeye, na kila sikukuu walipohesabu vijiko alimtazama. Sasa akamwomba msamaha mbele yangu na mbele ya majirani wawili. Mkaza mwana alisamehe, lakini kijiko alikichukua yeye, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akasema atakaa nacho kama ushahidi. Kwa shukrani nikapewa jogoo.

Kutoka hapo nilipanda gari hadi Kamembe, ambako nilikuta ile nyumba ya kufuli haipo tena, imebomolewa, na mwenyewe anaishi nyuma ya pale. Alilishika kufuli kwa muda mrefu. Alisema ndicho kitu pekee kilichobaki cha nyumba yake, akanishukuru kwa kuiba. Nikalala kwa binamu yangu, jogoo akiwa chini ya kitanda, na Ijumaa asubuhi nikashuka darajani, mpakani, na jetoni yangu ya kuvukia mkononi, mfuniko mfukoni na jogoo kwapani.

Afisa wa mpakani alifungua mfuko.

"Hii ni ya nini?"

"Ni mfuniko."

"Sufuria yake?"

"Iko Bukavu."

"Na jogoo, iko na karatasi ya veterineri?"

Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa katika juma la kurudisha, kwa hiyo nilimweleza yote, kuanzia boga. Watu nyuma yangu walikuwa wengi, wenye ndoo na mizigo, na baada ya muda wakaacha kunisukuma wakawa wanasikiliza. Mama mmoja akamwambia afisa aniache nipite, dhambi haina ushuru. Afisa alichezea kalamu yake. Kisha akaitazama ile kalamu, akainuka, akaipeleka kwenye meza ya mwenzake, akaiweka pale, akarudi. Akasema mimi na mfuniko tutapita. Jogoo hatapita. Akamfunga kwenye mguu wa meza mpaka nitakaporudi.

Nyumba ile ya Bukavu niliikuta pale pale, kwenye ngazi zile zile za udongo, lakini chumba changu hakikuwa chumba tena. Walikuwa wamekigeuza chumba cha maombi. Mabenchi manne, pazia la zambarau, na wamama kama kumi wanaosubiri kuanza. Nyuma ya mlango, kwenye msumari wangu, ilikuwa kengele ya Papa, imesuguliwa mpaka inang'aa, na utepe mwekundu umefungwa shingoni.

Mama mwenye nyumba alinitambua kwa kutembea kwangu, alisema, kabla hajaiona sura. Alinikaribisha vizuri. Nilipomtolea mfuniko alicheka. Sufuria yake ilikufa zamani, ilitoboka, mfuniko ule sasa ni mjane, nikae nao tu. Ndipo nikataja kengele, na wamama wote wakaigeukia.

Walinieleza kwa zamu. Kengele ile Mungu aliituma. Chumba kilikuwa tupu, mpangaji ameondoka bila kuaga, na walipofungua mlango waliikuta inaning'inia peke yake. Waliipiga mara moja na mama mmoja akapona jino. Tangu siku hiyo hakuna maombi yanayoanza bila kengele. Wagonjwa hutoka mbali, hukaa kwenye benchi la mbele, hupigiwa sikioni.

"Maman," nilisema, "huyu mpangaji ni mimi."

"Tunajua," akasema mama mwenye nyumba. "Mungu anaweza kutumia hata muntu ya namna yako."

"Ile kengele niliiiba ku baiskeli ya papa yangu."

Wamama waliangaliana. Mmoja akauliza polepole kama jino lake sasa lilipona kwa wizi. Kwa hiyo wakaomba. Nilipiga magoti nao kwa muda mrefu, magoti yangu juu ya saruji ambayo zamani niliifagia mwenyewe, na nikajishangaa kwamba hata katika hali ile nilikuwa nakitamani tena kile chumba, dirisha lake dogo na harufu ya samaki wa jirani. Walipomaliza, mama mwenye nyumba alisema kengele ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, kwa hiyo lazima irudi. Lakini chumba hakiwezi kubaki bubu.

Akautazama mfuniko wake pale chini. Akautundika kwenye msumari kwa kamba, akachukua mwiko jikoni, akaupiga.

Sijui niielezeje sauti ile. Majirani walitoka nje. Mtu ng'ambo ya bonde aliuliza kwa nguvu kuna nini. Mama mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye benchi la mbele aliinuka akatembea hadi mlangoni, kisha akakumbuka kuwa alikuja kwa ajili ya mguu.

"Hii ni zaidi," alisema mama mwenye nyumba, akinifungulia utepe kwenye kengele.

Mpakani afisa alinirudishia jogoo bila kunitazama. Alikuwa akiandika kwa kalamu ya risasi.

Jumamosi asubuhi Papa alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, uso juani. Niliifunga kengele kwenye usukani wa baiskeli, nikakaza skrubu, nikaipiga mara moja.

Mikono yake iliacha kusugua magoti. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga tangu Bukavu, kwamba ni mimi, kwamba nilikosa, kwamba anisamehe.

"Minajua kama ni wewe," alisema. "Ni nani mwingine? Bisibisi uliiacha chini." Akapangusa mdomo. "Siku uliondoka nayo nililala muzuri. Mara ya kwanza tangu nivuke maji."

Nikadhani hajanielewa. Nikamwambia tena ni kengele yake, nimeileta.

"Haikukuwa yangu."

Alinieleza akiwa ameelekeza uso upande ambako alidhani nimesimama. Ujanani mwake, kule Gikundamvura alikozaliwa, rafiki yake ndiye aliyekuwa na baiskeli ya kwanza kilimani. Waliizungukia wote wawili, waliiosha wote wawili, lakini ilikuwa ya rafiki. Asubuhi ya kuondoka kwenda Kongo, Papa aliingia kwenye ua wa rafiki akaifungua kengele. Baiskeli yake mwenyewe aliinunua miaka mingi baadaye, Bukavu, na akaifunga kengele ya wizi juu yake, na kila alipoipiga alimwona yule mtu.

"Uliichukua sababu ya nini, Papa?"

"Mulima hauingiye mu mufuko," akasema.

Nilikaa chini, mgongo wangu kwenye gurudumu. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nimebeba hasira ya mtu ambaye alikuwa akinishukuru. Nikamwuliza mbona basi hakununua nyingine, mbona alilia kwa mdomo vilima vyote hivi.

"Kinywa, hiyo ninajua ni yangu."

Mwalimu alifika saa hiyo kuangalia kama nimerudi na kengele. Nilipomweleza, alikaa kwenye kizingiti akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka. Papa akatangaza kwamba anairudisha kengele leo. Mwalimu alijaribu kumwambia kuwa sheria ile ni ya waombaji, haimfungi mgonjwa, hasa mgonjwa aliyebakiza siku mbili. Papa akajibu kwamba anaifahamu sheria vizuri, nilikuwa naikariri kila asubuhi, na ameiona ni sheria nzuri. Asiporudisha, haombewi. Asipoombewa, haendi hospitali. Alisema hayo yote akiwa ameshasimama, anatafuta kofia.

Nilipendekeza pikipiki. Alikataa. Kengele iliondoka kwenye baiskeli, itarudi na baiskeli.

Kwa hiyo tulishuka kutoka Gitambi hadi bondeni, mimi nikikanyaga, Papa nyuma kwenye keria juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Kengele aliitaka mkononi. Aliipiga njia yote, kati ya mashamba ya mpunga ya Bugarama, kwenye kila kona na penye kila sauti ya mtu, lakini kwa kuwa alikuwa nyuma na haoni, iliwafikia watu tukiwa tumeshawapita. Waliruka kando kwa ajili ya baiskeli iliyokwisha kwenda. Wengine walitutukana kwa heshima, kwa sababu ya umri wake. Kupanda Gikundamvura nilisukuma, yeye akiwa amekaa kama askofu, na aliniambia mara mbili kwamba zamani mlima huu ulikuwa mfupi.

Nyumba ya rafiki tuliulizia, tukaelekezwa. Ua ulikuwa umefagiliwa, mlango wazi, na kando ya mlango lilisimama gunia la maharagwe lenye gunia jingine dogo juu yake, na juu ya yote mtu alikuwa ameanika kofia. Papa alishuka, akavua kofia yake, akaenda moja kwa moja mbele ya lile gunia. Nilinyoosha mkono kumzuia. Lakini alikuwa ameshaanza, kwa Kinyarwanda, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kijana. Alilisalimu gunia. Aliliambia jina lake. Aliliambia kwamba alipoingia uani asubuhi ile mbwa hakubweka kwa sababu alimfahamu, na kwamba jambo hilo la mbwa ndilo lililomsumbua kuliko kengele. Aliomba msamaha. Akasubiri jibu.

Bibi mmoja alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na fimbo yake, akasimama karibu nami, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Akanitazama. Nikamwonyesha macho ya Papa kwa kidole. Akaelewa.

Alimwambia Papa, kutoka pembeni, kwamba mumewe alifariki, na kwamba pale anaongea na maharagwe. Papa aligeuka polepole. Bibi akaendelea kumwambia kwamba mumewe alijua kengele iko wapi. Alikuwa akisema rafiki yake amekwenda kuijaribu kama inalia pia ng'ambo ya mto.

"Basi," akauliza bibi, "ililia?"

"Ililia," Papa akasema.

Akaipiga ili bibi aisikie. Bibi akainamisha kichwa kama mtu anayepima mtama kwa mkono. Baiskeli haikuwepo tena, ilikwisha kuwa vipande kabla hata mimi sijazaliwa. Akafikiri kidogo, akaninyooshea fimbo yake. Fimbo ilikuwa nyembamba, kengele pana, kwa hiyo nikazungusha kipande cha mpira wa gurudumu nikaikaza. Tulipoondoka alikuwa anavuka ua wake akiipiga, na kuku wanampisha.

Jumapili mchana walikuja wote watatu, mwalimu, seremala na mama wa nyanya, mikono yao ikinuka sabuni. Papa alikaa kwenye kiti, kofia magotini. Mwalimu alinionyesha mahali pangu kwa kidevu: nyuma yake, kichwani. Nikaweka mikono.

Hapakuwa na moto. Hapakuwa na kitu chochote nilichokipima kwenye ukuta na kwa paka. Kulikuwa na nywele chache, ngumu, na juu ya sikio la kushoto kovu lenye shimo dogo, la zamani, ambalo sikujua kama analo. Nilimwuliza Mungu awashike wale madaktari mikono. Nilimshukuru kwa ajili ya rafiki aliyekufa. Sauti yangu ilikatika mahali, seremala akaichukua, akafika kwenye jina la Yesu bila kusukuma, na chini ya viganja vyangu nikasikia kichwa cha Papa kimesogea.

Mwalimu alikiona. Alisema amina, akangoja watu wafumbue macho.

"Papa," akauliza, "amekusukuma?"

Papa alivaa kofia yake taratibu. Mimi nilikuwa nimeshaondoa mikono, nimeificha nyuma.

"Hapana," akasema. "Ni mimi nilisogea."

Jumatatu alfajiri nilimpakia kwenye keria hadi barabarani ambako gari la hospitali hupita. Alikuwa na njaa, maana walimwambia asile, na alinikumbusha kwamba kufunga ni kazi yangu mimi. Njia ilikuwa na watu wachache, wanaokwenda mashambani. Papa alivuta pumzi, akalia kwa kinywa chake, na kwa kuwa tayari wanaifahamu sauti hiyo, walipisha kwa wakati.